Watu wa Gentioux walikwenda wapi?

Gentioux-Pigerolles haina watu mia tano. Ukiwakusanya wenyeji wote wa komuni hii, wazee, wafugaji, walimu na watoto wachanga, bado hawajazi ukumbi mmoja wa harusi wa Dar es Salaam. Iko katikati ya Ufaransa, kusini mwa mkoa wa Creuse, juu ya uwanda wa Millevaches, mahali ambapo ramani ya barabara huonyesha rangi ya kijani na majina machache yaliyoandikwa kwa herufi ndogo.

Mimi naishi Limoges, mji mkubwa ulio karibu, na huko juu ndiko ninakokwenda ninapotaka kupumua. Kwa muda mrefu nimekuwa nikisikia watu wakiuzungumzia uwanda huo kwa sentensi moja tu: pamekufa, hakuna watu. Wanasema hivyo kama vile uchache wa watu ni hali ya hewa, jambo lililoshuka lenyewe kutoka mawinguni. Siamini hivyo. Naamini kila idadi ya watu ina mikono nyuma yake, na makala hii nimeiandika ili kuionyesha mikono hiyo.

Kwanza nieleze komuni ni nini, kwa sababu bila hilo mengine hayaeleweki. Ni ngazi ya chini kabisa ya utawala wa Ufaransa. Tukitafuta ya kufananisha kwetu tutasema kata au kijiji, ila komuni ina meya wake, baraza lake, bajeti yake na rejista yake ya vizazi na vifo. Zilianzishwa Desemba 1789, miezi michache baada ya Mapinduzi kuanza, na nyingi zilirithi mipaka ya parokia za zamani. Leo zipo karibu 35,000, na takriban nusu yake zina watu wasiozidi 500. Jiji kubwa la Marseille ni komuni. Gentioux-Pigerolles, ambayo yenyewe ni komuni mbili zilizoungana, nayo ni komuni. Sheria inaipa komuni yenye watu kati ya 100 na 499 baraza la madiwani 11, na wao ndio wanaomchagua meya kutoka miongoni mwao. Mahali penye kaya chache namna hiyo, karibu kila familia imewahi kuwa na mtu aliyekaa kwenye baraza.

Kuhesabiwa nako kuna utaratibu wake. Tangu 2004 komuni zenye watu chini ya 10,000 huhesabiwa mara moja kila miaka mitano, kwa zamu, mwanzoni mwa mwaka, wakati wa baridi kali. Karani wa sensa anaajiriwa na ofisi ya meya na kupita nyumba hadi nyumba, na kwenye uwanda wa Millevaches hilo maana yake ni vitongoji vilivyotawanyika, barabara zenye barafu, na nyumba nyingi zilizofungwa madirisha ambazo wenyewe huja Agosti tu. Taasisi ya takwimu ya taifa, INSEE, hutangaza matokeo kila Desemba. Kwa komuni ndogo hii si habari ya kusoma na kusahau. Fedha za serikali kuu hutegemea idadi hiyo. Familia mbili zikihama, pengo linaonekana kwenye bajeti.

Sasa ardhi yenyewe.

Sehemu kubwa ya komuni iko juu ya mita 700, na upande wa Pigerolles unakaribia mita 900. Chini ni jiwe la itale, jiwe gumu la kijivu, na juu yake udongo mwembamba wenye uchachu ambao haujawahi kumpa mtu mavuno ya ngano ya kujivunia. Wakulima wa zamani walilima nafaka za rai (seigle kwa Kifaransa) na sarrasin, baadaye viazi, na walifuga kondoo kwenye nyika ya vichaka vifupi vinavyochanua zambarau mwisho wa kiangazi. Leo utaona zaidi ng'ombe wa Limousin, wale wekundu wa kahawia, wenye miili mizito. Mvua ni nyingi. Maji hayapenyi kirahisi kwenye itale, kwa hiyo yanatuama mabondeni na kufanya ardhi ya mboji iliyolowa mwaka mzima, ambayo ukiikanyaga inatikisika chini ya mguu.

Maji hayo ndiyo utajiri wa kwanza wa mahali hapa. Mto Taurion unaanzia humo humo kwenye komuni. Mto Creuse, uliotoa jina la mkoa, unaanzia jirani, na mto Vienne nao unaanzia kwenye uwanda huo huo, upande wa mkoa jirani wa Corrèze. Yote inaishia Loire na kisha bahari ya Atlantiki. Taurion unaingia Vienne kabla tu ya kufika Limoges, kwa hiyo maji yanayopita chini ya madaraja ya mji ninaokaa yametoka huko juu, kwa wale watu wasiofika mia tano. Taifa liliyaona maji hayo kabla ya kuwaona watu: mwaka 1950 bwawa la umeme lilikamilika Vassivière, magharibi kidogo ya Gentioux, likatengeneza ziwa la karibu hekta 1,000. Mashamba na vitongoji vilivyokuwa bondeni viko chini ya maji.

Udongo haba, jiwe jingi. Ukilifikiria hilo unaielewa biashara iliyoijenga Creuse na kuimaliza: uashi.

Kwa karne kadhaa wanaume wa huku walikuwa wakiondoka kila mwaka mwezi Machi na kurudi Novemba au Desemba. Walikwenda kujenga Paris, Lyon, Saint-Étienne, mahali popote palipohitaji mtu anayejua kulichonga na kulipanga jiwe. Katikati ya karne ya 19 walikuwa makumi ya maelfu kutoka mkoa mmoja huu. Walikwenda kwa miguu, kwa makundi, wakilala kwenye nyumba za wageni zenye mashuka machafu, vijana wa miaka 13 au 14 wakiwa katikati ya baba na wajomba zao. Huko Paris walijazana kwenye vyumba vya kupanga karibu na jumba la halmashauri ya jiji, vitanda vimebanana, wakila mkate na supu ili fedha ibaki. Fedha hiyo ilikuwa na kazi maalumu: kulipa madeni ya baba, kulipa mahari ya dada, ambayo huku ilitolewa na familia ya bibi harusi, kununua kipande cha shamba.

Tunayajua haya kwa undani kwa sababu mmoja wao aliandika. Martin Nadaud alizaliwa mwaka 1815 katika kitongoji cha La Martinèche, komuni ya Soubrebost, mwendo mfupi kutoka Gentioux. Baba yake alisisitiza apelekwe kwa mwalimu akajifunze kusoma, ingawa mama na babu hawakuona faida yake. Machi 1830, akiwa na miaka 14, aliondoka na baba yake kwenda Paris kubeba chokaa na mawe. Alipokuwa fundi kamili alifundisha wenzake kusoma na kuandika usiku, chumbani kwake, baada ya siku nzima ya kazi. Mwaka 1849 watu wa Creuse walimchagua kuwa mbunge. Louis-Napoléon Bonaparte alipopindua jamhuri Desemba 1851, Nadaud alifungwa kisha akafukuzwa nchini. Alikimbilia Ubelgiji, halafu Uingereza, ambako mwashi huyu aliishi kwa kufundisha Kifaransa. Jamhuri iliporudi mwaka 1870 aliteuliwa kuuongoza mkoa wake mwenyewe, na baadaye akarudi bungeni. Alifia La Martinèche mwaka 1898. Nampenda mtu huyu. Napenda kwamba alipopata nafasi ya kuandika aliandika kuhusu vitanda, madeni, majeraha na mishahara.

Wakati wanaume wako mbali, nani alilima? Wanawake. Kwa miezi tisa ya mwaka vijiji vya Creuse viliendeshwa na wake, mama na bibi: walifyeka nyasi, walivuna, walizalisha mifugo, waliwakabili wadai. Harusi zilifungwa majira ya baridi kwa sababu ndiyo miezi ambayo bwana harusi alikuwepo. Takwimu za mkoa katika miaka ile zinamhesabu mume kama mkazi, na kisheria ni kweli, lakini mkewe angekuambia nyumba ilikuwa na watu wangapi hasa. Nadhani wasomaji wangu wa Pemba na wa Mtwara, na wale wenye ndugu Muscat au Dubai, wanaielewa nyumba ya namna hiyo bila maelezo zaidi.

Mwaka 1851 mkoa wa Creuse ulikuwa na watu 287,000. Ndicho kilele chake. Mwaka huo huo unafunga zama moja, kwa sababu muda mfupi baadaye Paris ilianza kubomolewa na kujengwa upya chini ya Haussmann, afisa wa serikali aliyeisimamia kazi hiyo, kazi ikawa ya mwaka mzima, na reli ikafika. Reli ndiyo iliyobadilisha mambo. Mtu aliyetembea siku kadhaa kwa miguu kwenda Paris alirudi kwa sababu mke, watoto na shamba vilikuwa huku. Mtu anayepanda treni anaweza kumchukua mke na watoto. Mwisho wa karne ya 19 waashi walianza kuhamia mjini moja kwa moja, na walioondoka walikuwa vijana, maana yake ni kwamba waliondoka pamoja na watoto ambao hawajazaliwa. Leo Creuse ina watu karibu 115,000, na katika Ufaransa bara ni Lozère tu iliyo na watu wachache zaidi. Pia ni miongoni mwa mikoa yenye wazee wengi kuliko yote nchini. Waliobaki nyuma ya uhamaji wa vizazi vinne ndio hao.

Usidhani basi kwamba waashi waliiacha Gentioux mikono mitupu. Nyumba za huku zina kingo za madirisha zilizochongwa kwa ustadi ambao huutarajii kwenye kijiji cha wafugaji. Mtu aliyetumia kiangazi akichonga jumba la tajiri wa Paris alirudi akachonga mlango wa zizi lake kwa mkono ule ule. Juu ya mto Taurion kuna tao moja la daraja la mawe, Senoueix, lililobaki limesimama peke yake majanini baada ya sehemu nyingine za daraja hilo kutoweka. Na mjini Felletin, kilomita kadhaa kutoka hapo, mpaka leo ipo shule ya sekondari inayofundisha ufundi wa ujenzi.

Kisha ikaja 1914.

Karibu kila komuni ya Ufaransa ina mnara wa kumbukumbu ya vita ile, kwa sababu karibu kila komuni ilipoteza watu. Jumla ya wanajeshi wa Ufaransa waliokufa inazidi 1,300,000. Mara nyingi utakuta askari wa shaba ameshika bunduki, au jogoo, au malaika mwenye shada, na chini yake maneno kuhusu watoto waliokufa kwa ajili ya nchi. Gentioux walifanya tofauti. Mnara wao wa mwaka 1922 una mtoto wa shaba. Ni yatima, amevaa vazi la shule la wakati ule na viatu vya mbao, kofia ameivua ameishika mkononi. Mkono wake mwingine ameunyoosha, ngumi imekunjwa, kuelekea kwenye maandishi. Juu yanasomeka majina ya waliokufa, zaidi ya hamsini, safu juu ya safu. Chini yake kuna maneno haya: Maudite soit la guerre. Vita na vilaaniwe.

Meya wakati huo alikuwa Jules Coutaud, msoshalisti, na yeye mwenyewe alikuwa amekwenda vitani. Serikali haikupendezwa. Husimuliwa huku kwamba wakuu wa mkoa walikataa kuja kuuzindua, na kwamba askari waliopita barabarani wakielekea kambi ya jeshi ya La Courtine waliamriwa kugeuza nyuso upande wa pili. Ilichukua miaka mingi sana mpaka dola hiyo hiyo ikauandikisha mnara huo, mwaka 1990, kuwa urithi wa kihistoria unaolindwa. Kila 11 Novemba watu hukusanyika hapo kutoka mbali kuikataa vita kwa sauti.

Nimesimama mbele ya majina hayo zaidi ya mara moja na ninachofanya ni kusoma majina ya ukoo. Yanajirudia. Jina moja mara tatu, jingine mara mbili: ndugu, binamu, watu wa kitongoji kimoja walioitwa jeshini siku moja. Majina zaidi ya hamsini kwenye komuni ya wafugaji si takwimu ya vifo tu. Ni ndoa zaidi ya hamsini ambazo ama zilivunjika ama hazikufungwa kabisa, ni mashamba yaliyokosa mikono, ni darasa la shule ambalo mwaka 1930 halikuwa na watoto wa kutosha. Unaweza kuusoma mnara huo kama sensa ya waliotolewa, na ndiyo sensa pekee ya komuni hii iliyoandikwa kwa majina hadharani.

Hapo huwa nakumbuka kwetu. Vita ile ile ilipiganwa Tanga, Taveta, Mahiwa, na iliwaua makumi ya maelfu ya wapagazi waliobebeshwa mizigo ya majeshi, wengi kwa njaa na kuhara. Dar es Salaam tuna sanamu ya Askari, iliyowekwa mwaka 1927, na tuna Kariakoo, mtaa uliobeba jina la kikosi cha wapagazi. Majina ya wapagazi hatuna ukutani. Vijiji vilivyowatoa havikuulizwa mnara wao uandikweje. Gentioux waliulizana wenyewe, wakalipa wenyewe, wakaandika walichoamini, na naiona hiyo kuwa nguvu kubwa kwa watu wachache kiasi kile.

Baada ya watu ikaja miti. Ukipita leo kwenye uwanda utadhani msitu ule ni wa tangu zamani za kale. Sivyo. Mwanzoni mwa karne ya 20 nyika hii ilikuwa wazi, ungeona kitongoji cha pili na cha tatu kutoka mlangoni pako. Mtu mmoja wa Meymac, afisa wa misitu Marius Vazeilles, alihubiri maisha yake yote kwamba wakulima wadogo wapande miti kidogo kidogo pembeni mwa malisho, iwe akiba yao na iwazuie kuhama. Mwaka 1936 alichaguliwa mbunge kwa tiketi ya Wakomunisti. Kilichotokea baadaye si alichokitaka. Baada ya vita vya pili, mfuko wa taifa wa misitu ulioanzishwa mwaka 1946 ulitoa misaada kwa wapandaji, na waliofaidika sana ni wenye ardhi wasiokaa hapo: wajukuu wa waashi, walio Paris, wenye vipande vya shamba la babu ambavyo hawana wa kuvilima. Wakapanda misonobari, na baadaye Douglas, mti ulioletwa kutoka magharibi ya Amerika ya Kaskazini, unaokua haraka na wima. Leo misitu imefunika zaidi ya nusu ya uwanda.

Kwa hiyo hata kuondoka kwa watu kuliendelea kufanya kazi baada yao. Mtu aliyehama mwaka 1890 aliliacha shamba, mjukuu wake akaliziba mwaka 1960, na jirani aliyebaki akajikuta nyumba yake imezungukwa na giza. Dhoruba ya Desemba 1999 iliiangusha miti hiyo kwa wingi wa kutisha, na ikapandwa tena. Ikifikia miaka 40 au 50 mashine kubwa huja na kuukata mlima mzima kwa mara moja, zikiacha udongo mtupu na visiki. Ni jambo linalogombanisha watu huku kwa uchungu wa kweli. Wapo wanaosema ni zao kama mazao mengine, lina ajira na lina kodi. Mimi niko upande wa wanaotaka msitu wa miti mchanganyiko unaovunwa mti mmoja mmoja, kwa sababu namna hiyo inahitaji watu wanaoishi karibu na kuujua, na watu ndiyo hitaji kubwa la mahali hapa. Tangu 2004 uwanda umekuwa hifadhi ya asili ya kimkoa, lakini hifadhi ya aina hiyo haina nguvu ya kumzuia mwenye shamba kukata miti yake.

Sasa nafikia sehemu ambayo wengi hawapendi kuigusa.

Katika miaka ya 1960 watawala wa Ufaransa walikuwa na namba mbili mezani. Ya kwanza ni ya mikoa kama Creuse, iliyokuwa ikipungukiwa watu. Ya pili ni ya kisiwa cha Réunion, kwenye Bahari ya Hindi, ambako idadi ya watu ilikuwa ikipanda haraka na umaskini ulikuwa mkubwa. Kuanzia 1962 hadi 1984 watoto wa Réunion walichukuliwa na idara ya ustawi wa jamii na kusafirishwa hadi Ufaransa bara. Tume ya wataalamu iliyotoa ripoti mwaka 2018 ilihesabu watoto 2,015, waliopelekwa katika mikoa 83. Creuse ilipokea 215, idadi kubwa kwa mkoa mdogo kama huu, na ndiyo maana mpaka leo wote kwa jumla huitwa watoto wa Creuse. Mwanasiasa aliyeisukuma sera hiyo ni Michel Debré, aliyewahi kuwa waziri mkuu na kisha mbunge wa Réunion.

Baadhi walikuwa yatima. Wengi hawakuwa. Wazazi wasiojua kusoma walibonyeza dole gumba kwenye karatasi wakiahidiwa kwamba mtoto atasoma, atapata kazi, atarudi nyumbani likizo. Watoto walifika kwenye makazi ya Guéret, makao makuu ya Creuse, wakiwa hawajawahi kuona barafu. Ndugu walitenganishwa. Wengine waliangukia mikononi mwa familia zilizowapenda, na hilo lisemwe. Wengine walipelekwa kwenye mashamba wakafanya kazi bila ujira. Wapo waliobadilishwa majina, wapo walioambiwa wazazi wao wamekufa na wako hai. Februari 2014 Bunge la Ufaransa lilipitisha azimio la kukiri kwamba dola ina wajibu wa kimaadili kwa yaliyowapata.

Kwangu mimi habari hii haiko mbali. Watu wa Réunion wana asili nyingi, na mojawapo ni pwani yetu. Karne ya 18 Wafaransa wa visiwa vya Bahari ya Hindi walinunua watumwa Kilwa, Zanzibar na Msumbiji. Mwaka 1776 mfanyabiashara Mfaransa aitwaye Morice alitia saini mkataba na Sultani wa Kilwa wa kupatiwa watumwa elfu moja kila mwaka. Utumwa ulikomeshwa Réunion mwezi Desemba 1848. Karibu miaka 120 baadaye, watoto wa kisiwa hicho, baadhi yao bila shaka wajukuu wa wajukuu wa watu waliopakiwa jahazini Kilwa, walipandishwa ndege wakapelekwa kujaza mapengo yaliyoachwa na waashi. Mtu wa pwani anayeishi huku hawezi kulisoma hilo kama historia ya wengine. Nimekutana Limoges na watu wa Réunion wa umri huo, na nimejifunza kutouliza walikujaje mpaka waseme wenyewe.

Nataka isemwe wazi kosa la sera ile lilikuwa wapi. Halikuwa kutaka Creuse iwe na watu. Creuse inahitaji watu. Kosa lilikuwa kumchukulia mtoto kama kitu cha kuhamisha kutoka safu moja ya jedwali kwenda nyingine, bila kumuuliza, bila kumrudishia njia.

Ndiyo sababu wanaokuja kwa hiari yao wananipa moyo. Uwanda wa Millevaches umekuwa ukipokea wageni wa namna hiyo tangu miaka ya 1970. Faux-la-Montagne, komuni inayopakana na Gentioux, ndiko kunakojulikana zaidi. Mwaka 1986 ilizaliwa Télé Millevaches, televisheni ya wenyeji. Kwanza walirekodi vipindi kwenye kanda na kuzizungusha kijiji kwa kijiji ili watu wazitazame pamoja. Mwaka 1988 kundi la marafiki lilianzisha Ambiance Bois, kiwanda cha kupasua mbao kinachomilikiwa na wafanyakazi wake, ambapo maamuzi hufanywa kwa pamoja. Wakaja wenye mikate, wenye kondoo, wachapishaji, wanamuziki. Wakaja Waingereza kununua nyumba za mawe kwa bei ambayo kwao haisadikiki. Faux imeona idadi yake ikipanda tena, jambo ambalo vizazi vitatu vya wazee wa huku hawakulishuhudia.

Si kila kitu ni shwari. Bei za nyumba zinasumbua hata mahali penye nyumba tupu, kwa sababu nyumba tupu ina mwenyewe na mwenyewe hataki kuuza. Wafugaji wa zamani na waliokuja juzi hawakubaliani kuhusu uwindaji, miti, wala siasa. Daktari yuko mbali. Shule ni mvutano wa kila mwaka: komuni jirani hugawana madarasa, watoto wa umri mmoja wanasoma kijiji hiki na wa umri mwingine kijiji kile, basi dogo likizunguka asubuhi kuwakusanya, na watoto watatu wakipungua wizara huanza kuzungumzia kufunga darasa. Mama mmoja wa huko aliniambia kwamba mimba ikitangazwa kijijini, wanaompongeza mwenye mimba kwa furaha kuliko wote ni walimu.

Wamekuja pia wakimbizi. Tangu 2015 Peyrelevade, upande wa Corrèze, kuna kituo cha wanaoomba hifadhi, na wenyeji wa vijiji kadhaa wamekuwa wakifundisha Kifaransa, wakipeleka watu mahakamani kwa magari yao, na wakati mwingine kusimama barabarani kuzuia mtu asirudishwe. Kisheria sensa ya Ufaransa humhesabu kila anayeishi kwenye komuni, awe raia au asiwe raia, awe na karatasi kamili au bado anasubiri jibu. Karani akipita mwezi wa pili, mtu kutoka Sudan au Kongo anayekaa huko anaingia kwenye idadi sawasawa na mfugaji ambaye ukoo wake uko kwenye rejista za parokia tangu kabla ya Mapinduzi, na fedha za komuni zinapangwa kwa kuwahesabu wote wawili.